Mkono wa Kushoto wa Baba

Leo Mama amemkataza Baba kusalimia shefu wa bima. Ndani ya biro, ofisini mwa shefu mwenyewe!

Mnajua Baba aliangukiwa na injini garajini, mkono wa kuume ukapooza. Tuliomba fidia, watu wa bima wakakataa: "Mkono ni muzima, alitusalimia nao."

Kweli aliwasalimia, tena kwa heshima, wa kushoto ukishika wa kuume. Nani angejua kwamba wa kushoto ndio ulikuwa unaunyanyua mwenzake?

Leo tulienda kukata rufaa. Mlangoni Mama akaudaka ule wa kushoto.

Shefu akanyoosha mkono. Baba akavuta, Mama akakaza. Mi natazama sakafu kwa haya.

Mama akasema: "Shefu, ukitaka wa kuume, njoo uunyanyue mwenyewe."

Akaja, akaunyanyua, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa. Akaomba radhi, akaandika Baba apimwe upya.

Nje Baba akanong'ona: "Mama Zaina, niachilie sasa, watu wanatuona."

"Waone."

Nyinyi mmewahi kuona wazazi wenu wakishikana mikono barabarani? Mi, apana, mpaka leo. Walitembea hivyo mpaka mtaani kwetu Buyenzi.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari akataka vitambulisho.

Mama akatoa vyote viwili kwa mkono mmoja.