Kelele iliyowakimbiza watu wa Bule

Fundi wangu wa mtaa wa Nyakasanza alipomaliza kutengeneza motere, yaani injini, ya gari langu la dizeli, gari lilianza kugonga ka-ka-ka kila lilipopanda kilima. Nilimrudia mara tatu. "Muzee, gari iko ya zamani, ni vile inalia," alinijibu bila hata kufungua boneti.

Jumamosi moja nilikuwa naelekea kijiji cha Bule. Wanawake waliokuwa wakilima kando ya barabara walisikia mlio ule, wakatupa majembe, wakabeba watoto na kukimbilia majanini. Walidhani ni risasi. Mama mmoja mzee alianguka, akachubuka magoti. Nilizima gari, nikamwinua nikimwomba msamaha.

"Siye tulirudi juzi tu, vita ilitukimbiza," aliniambia.

Nikajilaza chini ya gari palepale, nimejaa hasira, nikafungua bamba la chuma linalokinga motere. Juu yake ilikuwa imelala kle ya fundi, ile ya kufungulia nati.

Nilimpelekea siku hiyohiyo. "Aa, kle yangu! Nimeitafuta sana!" alisema akicheka.

Nilimweleza habari za yule mama kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Aliacha kucheka, lakini pole hakusema. Tangu siku hiyo sikumruhusu tena kuligusa gari langu.