Nilimfundisha Kung'ang'ania Jibu

Mimi ndiye niliyemharibia mtoto wa watu, na msinitafutie visingizio, sivitaki!

Kazi yangu ni ukalimani Kakuma. Nimekaa kwenye mahojiano ya wakimbizi hadi masikio yameota sugu. Huko ukibadilisha jibu unaonekana mwongo, na safari yako ya ng'ambo imekufa. Basi nikajiona bingwa wa mahojiano yote duniani!

Majirani zangu wa Lodwar ni Wamarekani, wachimba visima. Binti yao, Klara, nimembeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Alitaka kusomea mambo ya mawe na ardhi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, kati ya vile vinavyochuja watu vibaya sana. Alama zake za mitihani ya Kimarekani zilitosha. Yalibaki mahojiano kwa kompyuta.

Mwalimu wake alimwambia, "Hawa Waingereza si kama wa vyuo vya kwenu Marekani. Hawataki habari za michezo na maisha yako. Wanataka kuona unavyofikiri. Ukikosea, jirekebishe."

Nikacheka kwa dharau. Mwalimu mwenyewe wa juzi tu! Nikamwambia Klara, "Wewe sikia mimi. Hao watu wanakutegea. Ukisema kitu, shikilia hiyo hiyo. Ukibadilisha, umeisha!"

"Hata nikiona nimekosea, Anti?"

"Hata!"

Akanisikia. Jamani, akanisikia!

Profesa alimwonyesha picha ya jiwe. Klara akasema limetoka volkano, kama mawe yetu ya hapa. Profesa akamwuliza, je, haya makombe ya konokono ndani yake yameingiaje? Mtoto aliyaona. Alijua amekosea, maana konokono hawaishi ndani ya moto wa volkano. Akang'ang'ania volkano! Profesa akarudia kwa upole, akimpa nafasi ya kufikiri upya, naye akadhani ni mtego.

Chuo kikamkataa.

Nilipokwenda kwao nikasema, "Ejok." Mama yake hakuitikia salamu. "Hakuna ejok hapa! Nani alikutuma kufundisha mtoto yangu kitu hujui?"

Ukweli unanichoma hadi leo: sikuwa nikimfikiria Klara. Nilitaka kumshinda yule mwalimu. Shenzi mimi!

Nanyi wajuaji wa kila mtaa, mnaotoa ushauri kabla hamjaombwa, fungeni midomo! Mtoto akikuuliza usilolijua, sema hujui. Mimi neno hilo lilinishinda, na Klara akapanda ndege kwenda kwa bibi yake Marekani bila kuniaga.