Kiapo Ambacho Njoka Hakula

Saa tatu asubuhi, Njoka anachonga mzinga wa nyuki mbele ya nyumba yake, katika kijiji ambamo wakoloni wamewakusanya watu wakati wa Hali ya Hatari, karibu na Manyatta, Embu. Homgadi wawili, walinzi wenyeji wa serikali, wamesimama kando ya handaki linalozunguka kijiji. Mzinga hawana habari nao. Wanaangalia mikono inayotetemeka.

"Mzee, unaogopa nini?" mmoja anauliza.

"Naogopa wewe," anajibu. Majirani wanacheka, halafu wanakumbuka kunyamaza.

Tangu wahamishiwe hapa, Njoka ameanguka mara mbili kwenye foleni ya kuhesabiwa watu. Macho yakapinduka, mwili ukarukaruka, povu likatoka. Hakuna aliyemgusa. Hapa wanasema mtu aliyeshikwa na kiapo haguswi, kisije kikakurukia na wewe.

"Alikula kiapo cha wapiganaji wa msituni akakivunja," anasema Nthiga, mkubwa wa homgadi. "Huyo ni wa kizuizini."

Cicily, mke wa Njoka, alikuwa na shaka yake. Bwanake alipika pombe ya asali ya sherehe za mahari tangu ujana, na hakuna asubuhi iliyopita bila kuonja. Kijijini hapa pombe ilipigwa marufuku. Lakini siku Njoka akipewa pasi ya kwenda kukata magogo, anarudi mzima. Akinyimwa pasi, anaanguka.

"Baba Kathure, huko kwa magogo unakula nini?"

"Hewa."

"Hewa gani hiyo inanuka asali?"

Akamburuta mpaka kwa Riungu, dresa wa zahanati. Riungu akasema pombe ya miaka mingi inauzoeza ubongo vibaya. Ikikatika ghafla, kifafa kinaweza kuja. "Usiiache kwa siku moja, mzee. Nitakuandikia uende hospitali, wakuachishe wakikuangalia."

Njoka hakumwamini. Dresa si anakula mshahara wa serikali? Akikubali pombe, ni jela na pasi imekwenda. Akinyamaza, ni kizuizini kama mtu wa msituni.

Juzi, jina lake likasomwa pamoja na ya watu wa kupanda lori la kizuizini. Ndipo, ili waone kuwa ni pombe wala si kiapo, akawapeleka homgadi kwenye magogo, akawafunulia mtungi aliouficha ndani ya mzinga mkuukuu.

Nthiga aliunusa. "Huu wote wako peke yako? Ama unawapelekea wale wa msituni?"

"Tumbo langu ndio msitu," alisema Njoka. Hata Nthiga alicheka, lakini pasi akaiweka mfukoni mwake. Lori likaondoka bila Njoka. Amepewa mpaka Jumatatu, baada ya hapo ataulizwa tena habari za kiapo.

Sasa shoka linamponyoka, analiokota. Leo Cicily anampeleka hospitali, barua ya Riungu mkononi.

"Nikianguka," anasema Njoka, "naomba iwe huko, mbele ya daktari. Aandike alichokiona. Nthiga anaamini karatasi kuliko mimi."