Kidole cha Nerio

Jumapili asubuhi, mbele ya baa ya Iole, viungani mwa Modena, hakuna gari la spoti lililoegeshwa likasalimika na kidole cha Nerio Malagoli. Kila tundu kwenye bodi sharti lipimwe. Kidole kikizama, hewa inapita, mwenye gari anapigwapigwa begani kwa pongezi. Kikigonga plastiki, tundu ni la pambo tu, Nerio hutamka neno moja tu, "Ukuta," na mwenye gari huwanunulia wote kahawa.

Hukumu ilikuwa yake kwa sababu alifua bodi za magari miaka arobaini, nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, mpaka sikio moja likafa. Ukutani kwa Iole kuna picha ya gari la kijivu alilolifua mwaka 1971, matundu yake ya ubavuni yakiwa yamesogezwa nyuma kama mbavu za mnyama anayeruka. Watu huitazama picha ile kama ya mtakatifu.

"Hapo hakuna uongo," Wainer kinyozi hupenda kusema. "Siku hizi wanakuwekea ekzosi nne. Mbili zinatoa moshi, mbili ni za kupigiwa picha tu."

Majira ya kuchipua yaliyopita, Morena, binti yake Nerio, alifika akiendesha gari la buluu, limelala chini, jipya kabisa. Yeye ni mchoraji wa maumbo katika kiwanda cha magari, na ubavu wa gari lile ndio wa kwanza kuuchora peke yake. Alikuwa ameliosha kwa mikono yake. Alisimama kando, mikono mfukoni, kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Nerio alilizunguka taratibu. Mabega ya gari yalimpendeza, na ule mstari wa mlangoni pia. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu la nyuma ya mlango, kikagonga.

Angeweza kukitoa na kuisifu rangi.

"Ukuta," alisema.

Wainer alicheka hadi akashika boneti. "Binti wa fundi mwenyewe, jamani. Kahawa yangu nzito, Morena, bila sukari."

"Dada, hilo tundu linapumua kwa imani?" akadakia Oddone, muuza tairi.

Morena alilipia kahawa kumi na nne. Ya baba yake alimletea mwenyewe, akasimama upande wa sikio lake zima.

"Nililichora likiwa wazi," alisema kwa sauti ya chini. "Wakubwa wakasema linaleta kelele, wakaliziba. Lakini umbo lake unalijua, Baba."

"Nalijua wapi?"

Alielekeza kidevu kwenye picha iliyokuwa ndani ya baa. "Gari lile liliporudi karakanani kwako kupakwa rangi upya, nilikuwa na miaka tisa. Niliingiza kidole tunduni. Nacho kiligonga."

Nerio aligeuka kuitazama picha. Mwaka ule wa 1971 alipima vibaya, akakata tundu vidole vinne nyuma ya alama, mahali penye tangi la mafuta. Mwenye gari alikuwa anakuja kesho yake. Akakata na la upande wa pili yalingane, akayaziba yote kwa bati lililopakwa rangi nyeusi. Kosa lile ndilo watu walilolisifu maisha yake yote.

"Mbona hukuwaambia hawa, walipokuwa wanakucheka?"

"Nilidhani utasema wewe."

Wainer alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nerio akanywa kahawa yake yote, akatazama ndani ya kikombe. Morena alisubiri kidogo, kisha akawasha gari.

Hakuja Jumapili iliyofuata, wala ya nne. Ya sita, Nerio alisimama chini ya picha akasimulia kila kitu, tangi, bati, rangi nyeusi, akamwambia Iole atengeneze kahawa za wote, alipe yeye.

Wainer alimshika kiwiko kwa upole. "Fundi, ni umri huo unakuchanganya. Na desturi unaijua, bila kidole hakuna hukumu. Gari lenyewe lilishauzwa ng'ambo." Kila mtu akalipa ya kwake.

Alimpigia binti yake simu akiwa nje, mbele ya baa.

"Nimewaambia," alisema.

"Wakasemaje?"

"Hawakuniamini."

"Lakini kahawa yangu waliinywa," Morena akasema. Kisha akamwomba radhi, alikuwa na kazi mezani.