Basi Lililokwama Mlangoni

Juni 1995 tulipoteza karakana yetu ya kuunda mabasi madogo, pale Pasiansi. Watu husema iliuawa na magari yaliyotumika kutoka Japani, yalipoanza kuingia kwa wingi baada ya biashara kufunguliwa. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwepo, nikishona viti, na hadi leo nachoka nikikumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyosaidia kuiua.

Tulikuwa tunachukua chasi ya lori, tunaivika bodi ya bati, linakuwa basi la abiria. Springi zilibaki za lori, ngumu. Watu walishuka wameshika viuno. Hata hivyo mabasi yetu yalidumu kwenye barabara mbovu.

Oda ya mwisho ilitoka kwa mfanyabiashara wa Magu. Alitaka basi kabla ya msimu wa pamba. Akilipata kwa wakati angeagiza mengine mawili, nasi tungebaki kazini.

Kwa kuogopa wizi, meneja alifungia magurudumu ofisini kwake. Chasi ikakaa juu ya matofali, na msimamizi akapima kimo cha bodi hivyo hivyo, bila kuhesabu magurudumu. Siku ya kulikabidhi tukafunga magurudumu, basi likapanda juu. Tulipolisukuma litoke, keria ya mizigo juu ya paa ikagonga ukuta juu ya mlango wa karakana.

"Punguzeni upepo!" msimamizi akafoka. Tukapunguza, wapi. "Haya, ingieni wote, tulishushe kwa uzito."

Tukaingia, watu wazima na akili zetu, tukakaa. Springi za lori hata hazikutujali. Mama aliyetuuzia chai alicheka hadi akashika ukuta. "Jamani, konda yuko wapi? Mbona hamwondoki?"

Nikashauri tukate keria. Meneja akakataa, eti rangi itaharibika. Wakabishana mpaka mchana, na sisi tumo ndani. Ndipo mteja akafika.

"Shikamoo, mzee," msimamizi akamwahi.

"Marahaba. Hilo ndilo langu?"

"Ndilo, mzee. Kesho linatoka."

Akatutazama madirishani. "Endeleeni kulipanda nyie. Mimi nitapanda la Mjapani."

Akaondoka. Kesho yake tulibomoa ukuta, kazi ya saa chache tu, tukaliegesha nje. Hakurudi.

Mwezi haukuisha jengo likakodishwa kwa mwuza mitumba. Lori lake lilipofika na marobota, basi letu lilikuwa limeziba njia. Meneja akatuita tulisogeze. Tukalisukuma mpaka kwenye majani, lori likapita.