Sala ya Getini

Kwa nyanya yangu kule Bokoli, kufika hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuondoka.

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Nauza mitumba Kitale, na miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, nikiwa nimepanga chumba kimoja Kibomet, nilikuwa nimeanza kujidhania mjanja. Lakini aliyenifundisha ni yule mama mzee wa kitambaa cheupe, aliyefika kanisani kabla ya mwenye ufunguo, na ambaye hakuwahi kuuza hata kitunguu. Yeye alipatana siku.

"Umekuja kukaa wiki ngapi?" Mfuko sijauweka chini.

"Siku mbili, kukhu." Kwetu nyanya ni kukhu.

"Wiki mbili."

"Siku mbili na nusu."

"Hiyo nusu peleka kwa mbuzi. Wiki moja."

Tuliishia siku nne. Nilifurahia ushindi wangu miaka mingi, mpaka shangazi, binti yake wa mwisho aliyeishi naye, akaniambia kwamba unga aliokuwa amesagisha ulikuwa wa siku nne tangu mwanzo.

Jioni alituhesabu sisi wajukuu kabla ya kupakua ugali, halafu akatuhesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba kuna mmoja angeweza kujificha nyuma ya mwenzake. Hata leo nikifungua belo la nguo nahesabu mara mbili. Watu wa soko husema ni uchoyo. Mimi najua nilikoutoa.

Siku nne zikiisha, bado hujaondoka. Hapo ndipo alipokuwa na nguvu zake zote. Hakuna mtu aliyetoka boma lile bila kuombewa getini. Ulisimama na mfuko wako, akaweka mkono juu ya mfuko, si juu ya kichwa, maana kichwa hakiendi popote bila mfuko. Akafumba macho, akaanza kwa kushukuru mvua, hata kama haijanyesha. Akaja kwa watoto wake saba, kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliowaoa. Kisha wajukuu. Tulikuwa thelathini na mmoja. Nilihesabu mara mbili nikiwa nimesimama pale, jua likinichoma shingo. Kila mmoja na jina lake na shida yake: huyu kifua, huyu hesabu, huyu mume. Msafiri aliwekwa mwisho kabisa. Ukitoroka katikati, umetoka bila kutajwa.

Na gari la asubuhi la kwenda Kitale lilipita saa tatu. Yeye alianza kuomba saa tatu kasoro kumi.

"Amina," alisema, vumbi la gari likiwa bado linatua barabarani. "Ati limeenda? Bwana ametaka ukae. Ingia ndani unywe chai."

"Kukhu, si wewe ndiye umetaka?"

"Sisi tunaelewana."

Mara yangu ya mwisho ilikuwa Januari, wiki ya shule kufunguliwa. Sweta za shule ni mavuno yetu sisi wa mitumba. Belo linafunguliwa asubuhi, na ukichelewa unapata zile za viwiko vilivyotoboka. Kwa hivyo niliamka kabla yake, nikamwachia shangazi salamu, nikapita kando ya migomba nikitafuta gari lolote la mapema.

Nilikuwa nimeshavuka geti nilipomsikia.

"Wewe mtu wa Kitale. Simama nikuombee."

Nikageuka. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na leso, bila viatu, kitambaa amekifunga upesi na sikio moja liko nje.

"Omba tu nikienda, kukhu," nikasema. "Mungu anasikia mpaka Kitale."

Nilidhani atacheka. Aliinua mkono, mkono usio na mfuko chini yake, akaanza na mvua. Nikatembea. Nilipofika barabarani sauti yake ilikuwa bado kwa mtoto wa pili.

Sweta niliziuza zote.

Februari aliteguka nyonga. Shangazi alipiga simu: mama anauliza utakuja lini. Nikasema mwisho wa mwezi. Akasema, mama anasema uje hata siku moja tu. Hapo ningepaswa kushtuka, maana nyanya hakuwahi kuanza bei chini hivyo. Mimi nikasikia nafuu. Nikasema Jumamosi. Alikufa Alhamisi.

Tulimzika na kitambaa chake cheupe. Siku ya tatu tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi, na baada ya hapo watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakipita getini kama watu wanaopita dirishani. Hakuna aliyejua pa kusimama.

Asubuhi yangu ya kuondoka, shangazi alinisindikiza akiwa amenibebea mfuko.

"Ile siku," akasema, "hakumaliza."

"Hakumaliza nini?"

"Sala yako. Alifika kwa jina lako akanyamaza. Nikamwambia, mama, si useme amina, baridi hii. Akasema, 'Huyo hajasimama.' Kesho yake akaja tena hapa. Anaanza na mvua, anashuka wote, akifika kwako ananyamaza. Kila asubuhi, mpaka akaanguka. Hapa hapa ndipo alianguka. Kulikuwa na umande."

Alisema bila kunilaumu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo bado sijaipatia bei.

Nilimpokea mfuko, nikauweka chini. Nikasimama. Shangazi naye akasimama, hatukutazamana. Nilijaribu kuanza: mvua, halafu wale saba. Kwa wajukuu nikapotea wa kumi na nne, nikarudia toka mwanzo, nikapotea tena palepale.

Gari la saa tatu likapita. Shangazi akaokota mfuko, akaurudisha ndani.