Samniang Aliomba Wageni, Akapewa

Ukienda kuweka nadhiri kwa mzimu, sema naye kama unavyosema na fundi cherehani. Toa vipimo. Ukimwambia tu "nishonee gauni," usije ukalia likikubana kwapani. Mji mzima wa Phetchaburi, huko Thailand, unalijua hilo, hata watoto wanalijua. Sasa Samniang, mjane wa miaka sitini na ushee, mzaliwa wa pale pale kando ya mto, mwenye ulimi wa kumchamba hata mtawa, akaenda akasahau. Mtu mzima hovyo!

Shida yake ilikuwa nyumba. Nyumba ya mbao, ya mababu, yenye vyumba vinne na baraza linalotazama mto. Mumewe alipofariki, Samniang aliiandikisha kwa jina la mwanawe Wirot, ili majirani waone kwamba ana mwana wa kiume aliyekamilika. Mwana akakamilika kweli. Akapata kazi Bangkok, akapata mke, kisha akapata mnunuzi.

"Mama, vyumba vinne na mpangaji wako ni popo," alimwambia. "Mwaka mpya ukifika havijajaa, nauza. Tajiri Prakop anataka kuvunja aweke maegesho ya magari. Wewe utakuja kukaa na sisi, ghorofa ya kumi na tisa."

Ghorofa ya kumi na tisa! Samniang hakuwahi kulala juu kuliko paka wake. Asubuhi yake akatimka hadi sokoni, kwenye kibanda cha mzimu, Babu Mwenye Mto, na sadaka ya mayai ya kuchemsha na chupa ya soda nyekundu.

"Babu, nijazie nyumba wazungu," akasema. "Ukinijazia, nitakuja kukuchezea ngoma hapa hapa. Sikodi wachezaji, nacheza mwenyewe, na taji kichwani."

Alikuwa bado anaendelea. Alitaka kumweleza Babu wazungu wa aina gani: wenye masanduku ya magurudumu, wasiouliza bei, wanaoshinda nje na kurudi wamechoka. Lakini akasikia mtu anakohoa nyuma yake. Alikuwa Lamduan, jirani yake, muuza kastadi ya nazi, anayesikia hata yasiyosemwa. Samniang akafunga mdomo, akainuka, akaondoka na kiburi chake.

Babu akaleta.

Wa kwanza walikuwa Bastian na mchumba wake, wameshuka kwenye treni ya daraja la tatu, mabegi makubwa kuliko wao, sufuria inaning'inia nyuma. Walisema wamechoshwa na fukwe, wanatafuta Thailand ya kweli. Kumbe Thailand ya kweli ni ile isiyo na bei. Samniang alipotaja ya chumba, Bastian alishika moyo kama aliyechomwa kisu. Wakavutana hadi mama wa watu akakubali bei ya kumlaza mbuzi. Usiku ule ule Bastian akawaandikia wenzake kwenye simu, na wenzake wakaja.

Walivyojaa! Vyumbani, ukumbini, barazani kwenye bembea za kamba. Walipika tambi chumbani, wakafua soksi kwenye sufuria ya wali. Walizunguka mahekalu yote ya mji kwa miguu, maana hekaluni hakuna kiingilio. Samniang akishika ufagio, wanampiga picha, utadhani kwao ufagio haujafika. Sokoni kila siku walionja kastadi ya Lamduan, sinia baada ya sinia, wakatikisa vichwa kwa utamu, wakaenda zao. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ungewapa jembe, wangelipiga picha.

"Shoga," Lamduan akamwita toka kwenye meza yake, "Babu kashatoa. Taji umelikodi?"

"Katoa nini? Nimeomba wageni, kaniletea njaa imevaa kaptura!"

"Ulimwambia wawe na pesa?"

Samniang akajifanya anakagua kastadi.

"Ulisema wazungu, nyumba ijae. Nilikuwepo. Nyumba imejaa, na wazungu ni wazungu. Ahadi ni deni, mwenzangu."

"Kanipunja! Sichezi ng'o! Akitaka ngoma, alete wenye masanduku."

Lamduan aliacha utani. "We mwanamke, unamtukana Babu na nyumba bado haijapona?"

Samniang akasonya, lakini moyoni aliingiwa na baridi. Akaenda nyumbani haraka. Mlangoni akakuta gari la Wirot. Kijana hakusubiri mwaka mpya, alishakuja na mnunuzi.

Tajiri Prakop alivaa suruali nyeupe. Alipanda ngazi akitazama nguzo kwa jicho la mtu anayehesabu kuni. Hatua ya kwanza barazani, chupi mbichi iliyoanikwa ikamdondokea maji shingoni. Hatua ya pili, nyani wa mlimani, aliyefuata harufu ya tambi, akapita kati ya miguu yake na pakiti mdomoni. Bastian akainua kichwa kwenye bembea, akamwona mzee wa watu amesimama anashangaa, akadhani anatafuta malazi. Kwa huruma kabisa akamwonyesha nafasi iliyobaki: sakafuni, karibu na choo.

"Hawa wanatoka lini?" Prakop akauliza kwa sauti ya kubanwa.

Wirot akamuuliza Bastian kwa Kiingereza, akarudi amenywea. "Anasema hawajui. Wamepapenda. Labda mpaka viza iishe."

"Mimi nanunua kiwanja, sinunui kesi! Nikimtoa mzungu mmoja kwa nguvu, kesho sura yangu iko kwenye simu za dunia nzima." Akashuka ngazi, suruali ina alama ya mkono wa nyani.

"Mama, wafukuze!" Wirot alifoka.

Asubuhi ile ile Samniang alikuwa amewaombea wote kuhara. Sasa akajinyoosha katikati ya chupi zile kama malkia. "Niwafukuze wageni wangu? Si ulisema nyumba ikijaa huuzi? Haya, imejaa."

"Hawa nao ni wageni?"

"Wazungu ni wazungu!"

Wirot alipoondoka, Samniang alikaa kwenye ngazi. Aliogopa. Kumbe Babu yule yule aliyetukanwa sokoni alikuwa kazini muda wote.

Kesho yake alicheza. Taji lilikuwa la kukodi, goti la kulia bovu, na soko zima likaacha biashara kuja kutazama. Mwanzoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akakumbuka kwamba usiku atalala kwake, asikie mto, na mikono ikawa myepesi. Wazungu walikuja wote, maana burudani ilikuwa bure. Wakaingia uwanjani wakirusha viwiko kama kuku wanaooga vumbi. Lamduan akacheka hadi kastadi ikamwagika.

"Watoe hao, wanakuharibia nadhiri!"

"Waache," Samniang akahema. "Kazi wameifanya wao."

Siku ya pili, Bastian alimjia na ombi. Ngoma ziliwakatizia usingizi wa mchana, kwa hiyo wapunguziwe bei kidogo, kisha waende zao kusini, ufukweni. Wote. Samniang alimtukana kwa Kithai safi, akapunguza. Jioni nyumba ilikuwa tupu, na simu ikalia.

"Mama, bado wapo? Nimepata mnunuzi mwingine."

"Tele! Hata pa kukanyaga hakuna," akajibu, akakata, akakimbilia sokoni na mayai.

Lamduan alikuwa nyuma yake tayari. "Safari hii toa vipimo, shoga! Sema wenye pesa! Sema masanduku!"

Samniang alipiga magoti. Akawafikiria wenye masanduku ya magurudumu. Wangemwona mnunuzi amekunja uso, wangeita teksi papo hapo. Akainamisha kichwa.

"Babu, niletee wale wale," akasema. "Na chupi zao."